Susio la Seif Matano

Kauli ile aliitunga Seif Matano mwenyewe, tena siku aliyoitunga alisifiwa. Ilikuwa miaka ile baada ya uchaguzi wa pili wa vyama vingi, kijiji cha Chokocho, Pemba, kilipokuwa na maduka mawili, barza mbili na chuki moja. Barza ya wapinzani ilikuwa mbele ya duka la Nyange, na ndiyo aliyokaa Seif. Barza ya chama tawala ilikuwa uwanjani kwa sheha, mtu wa serikali kijijini. Watu walisusiana maduka, wakasusiana harusi, na kuna waliosusiana hata maziko, jambo ambalo baadaye kila mmoja alilionea aibu lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Alasiri moja ikafika habari kuwa kituo cha afya kimeanza kuwachoma wanawake sindano ya kupanga uzazi. Walioileta ni serikali. Hilo tu lilitosha.

"Wameshindwa kutuhesabu vizuri kwenye kura," alisema Seif, kikombe cha kahawa mkononi, "sasa wanataka kutupunguza kabla hatujazaliwa."

Watu walicheka, na kicheko kikampandisha. Seif alikuwa fundi seremala, mtu wa mikono, lakini mbele ya kahawa ulimi wake ulikuwa mkali kuliko randa yake. Akaendelea: mwanamme yeyote wa barza ile ambaye mkewe atachomwa sindano hiyo, asusiwe. Asipewe salamu, asinywe kahawa kwa Nyange, asisaidiwe kuchuma wala kuchambua karafuu zake.

"Na asubuhi akiamka," alimalizia, "asalimiwe na kuku wake."

Mzee Jaribu, mkubwa wa barza, akauliza kama na maziko yamo. Seif akasema maziko yasiwemo. Hilo nalo likahesabiwa kuwa busara. Wakakubaliana, kahawa ikaongezwa, na Seif akarudi nyumbani kifua mbele, kwa mke mwenye mimba ya sita.

Mimba hiyo haikwenda vizuri. Mkewe, Mwanamize, alishapasuliwa katika uzazi wa tano, na wa sita akapasuliwa tena, hospitali ya Mkoani, baada ya kufikishwa na gari ya mchanga kwa sababu hapakuwa na nyingine. Mtoto, mwanamme, alitoka mzima. Mama alitoka damu. Seif alikaa nje kwenye ukuta mfupi akiwatazama wauguzi wakiingia na kutoka, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwambia kitu. Daktari alipomwita alisema naye kwa ufupi, maana alikuwa amechoka: mkeo yuhai, alhamdulillahi, lakini kizazi chake kimekuwa chembamba. Akibeba mimba nyingine kinaweza kuchanika, na safari hiyo gari ya mchanga haitawahi.

"Inshallah, daktari," aliitikia Seif, kama mtu aliyeambiwa habari za mvua.

Arobaini ikaisha. Mwanamize akatolewa, akafukizwa udi, nyumba ikarudi katika mwendo wake. Ndipo alipomwambia mumewe kwamba anataka kwenda kuchomwa sindano, na anataka waende pamoja.

"Pamoja na nani?"

"Na wewe. Bi Mardhiya anasema waume waje."

Bi Mardhiya alikuwa muuguzi wa kituo, mwanamke mnene asiyejua kubembeleza, aliyezalisha nusu ya watoto wa Chokocho na kuwakaripia mama zao wote.

"Siwezi," alisema Seif. "Unajua nilichokisema barzani."

"Najua. Kijiji kizima kinajua."

"Basi subiri kidogo. Tutaangalia."

"Tutaangalia nini, Seif? Tumbo?"

Asubuhi ya pili yake Mwanamize alimfunga mtoto mchanga mgongoni, akatia nguo zake katika mkoba, akasimama kwenye mlango wa karakana. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema anakwenda Mgogoni kwa kaka yake Zahran. Watoto watano wamo ndani, mchele umo ndooni, nazi ziko nyuma ya mlango. Yeye hatorudi kulala kitanda kile mpaka wapite barabarani pamoja kwenda kituoni.

"Unanisusa?" aliuliza Seif.

"Si nyie mnaojua kususa? Na sie tumejifunza."

Kwanza Seif aliona ni mchezo. Akamwita binti yake mkubwa, Nihal, akamwambia leo asiende skuli, abaki apike.

"Mama kasema niende," alisema Nihal.

"Na baba je?"

"Baba umechelewa kusema, nimeshavaa."

Basi alipika mwenyewe. Wali wa kwanza ulitoka chini umeungua, juu mbichi, katikati maji. Watoto waliula kwa adabu, na adabu ile ilimuuma kuliko kama wangeulalamikia. Siku zilizofuata alijifunza mengi ambayo mtu mwenye watoto sita alipaswa kuyajua: kwamba maji ya asubuhi huwa yameisha kabla ya adhuhuri, kwamba nguo za watoto hazijifui, na kwamba mmoja wa wanawe hulala mpaka ashikwe sikio. Randa ikalala juu ya meza. Kitanda cha harusi alichowaahidi watu kikabaki miguu mitupu.

Katika siku hizo hizo alikuja kijana kutoka Chake Chake anayeitwa Muntasir, na pikipiki ya mradi. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na wanaume juu ya afya ya uzazi, maradhi ya zinaa, na namna ya kuishi na wake zao kwa haki. Kwa adabu zote alianzia kwa sheha, kama alivyofunzwa ofisini, na kwa kuanzia hapo alikuwa ameshaipoteza nusu ya kijiji. Lililommaliza ni fulana. Zilichapishwa Dar es Salaam na watu wasioijua Pemba, na zilikuwa rangi ya chama tawala. Muntasir alipolifungua boksi alishika kichwa, kisha akazigawa zimegeuzwa, ndani nje.

"Wenzetu leo wamevaa mishono," alisema Nyange, akimimina kahawa. Barza ilicheka mpaka ikakohoa.

Seif alicheka nusu. Alikuwa ameacha sufuria motoni.

"Fundi, vyereje?" aliuliza Nyange. "Siku hizi unanuka moshi. Bibi harusi hajarudi tu kutoka kwao?"

"Anapumzika."

"Wa kwangu nami ningempumzisha, lakini nani atanipikia?" Watu wakacheka tena, na Seif akainuka kabla kikombe hakijaisha.

Alikwenda Mgogoni. Zahran alimpokea kwa heshima zote, chai na mkate wa kumimina, kisha akaondoka kwenda kumfunga ng'ombe ambaye alikuwa ameshafungwa. Mwanamize alikuwa uani akimenya muhogo, mtoto kalala kando yake juu ya mkeka.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wali wangu unawakwama."

"Watazoea."

Seif alichuchumaa. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na sasa aliyatoa kama mtu anayetoa zawadi. "Mwanamize, nenda ukachome. Mimi sijui, sikuona, sikusikia. Nani atanijulia?"

Mwanamize alitua kisu.

"Hivyo ndivyo wafanyavyo wengine. Wanapita njia ya shamba, kanga usoni, wakirudi wanasema walikwenda kumpima mtoto uzito. Mie sitaki. Siwezi kuuiba mwili wangu mwenyewe, Seif, kama kuku wa jirani."

"Wengine nani?"

"Mie si mpiga mbiu."

Akaushika tena muhogo, akaumenya mpaka mwisho, akautia majini. Halafu akasema bila ya kumtazama: "N'kwambie kitu. Siku ile Mkoani wewe ulikuwa nje, mie ndani. Nilikuwa nasikia damu yangu ikidondoka kwenye ndoo. Nimeisikia mpaka nikawa siisikii tena. Nikajiuliza, hawa watoto watalelewa na nani? Na kauli ya baba yao?"

Seif alitamani kumwambia kwamba hata yeye, pale ukutani, alisoma kila sura aliyoijua, na kwamba alimuahidi Mungu mambo ambayo mpaka leo hajayatimiza hata moja. Lakini hayo si maneno ya kumwambia mtu aliyesikia ndoo.

"Siku ya kituo ni Jumanne?" aliuliza.

"Jumanne."

"Nitakuja kukuchukua Jumatatu."

Hata hivyo, njiani kurudi alitafuta tundu la kupenyea, na akadhani amelipata kwenye dini. Baada ya sala ya laasiri alimfuata Shehe Othman pembeni, akamuuliza kwa sauti ndogo kama yanafaa haya. Shehe Othman alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza daktari kasema nini. Seif akamwambia.

"Masahaba walikuwa wakizuia mimba kwa njia zao, na Mtume hakuwakataza," alisema Shehe. "Na hapa pana roho ya mtu. Dini haikukwambia umzike mkeo ili upate mtoto wa saba."

"Lakini Shehe, watu wanasema..."

"Watu au wewe? Siku ulipotunga lile susio mbona hukuja kuniuliza? Siasa mmechukua nyie, dini mmeniachia mie. Leo siasa imekukaba, ndiyo unaikumbuka njia ya msikiti."

Tundu likazibwa. Seif akavaa viatu vyake.

Jumatatu alimchukua Mwanamize, naye usiku huo akalala chumba cha watoto; Jumanne asubuhi Seif alitoka nyumbani kwake na mkewe na mtoto. Njia zilikuwa mbili. Ya shamba ilizunguka nyuma ya mikarafuu na kutokea kituoni kimya kimya. Ya barabarani ilipita mbele ya duka la Nyange, ambako wakati ule barza ilikuwa imejaa. Mwanamize alisimama kwenye panda ya njia akijitia kumfunika mtoto. Seif alishika barabara.

Walipofika dukani alisimama.

"Asalam aleykum."

"Waaleykum salam," waliitikia wote, kwa mara ya mwisho.

"Nakwenda kituoni na mke wangu. Anakwenda kuchomwa ile sindano. Daktari kasema mimba nyingine itamuua, na mimi sina mke mwingine wala simtaki. Nimekuja kuwaambia mwenyewe, msije mkahangaika kuchunguza. Kauli niliitunga mimi, nami naijua."

Nyange alitazama ndani ya birika kana kwamba kuna kilichomtumbukia. Mzee Jaribu alishusha macho. Kisha kutoka nyuma, Kificho, aliyekuwa na mdomo usiolala, akauliza taratibu:

"Na kuku wako, hawajambo?"

Kicheko kilimfuata Seif mpaka kwenye kona. Mwanamize, aliyekuwa nyuma yake siku zote wanapotembea, alikaza mwendo akawa sambamba naye.

Kituoni palikuwa na mabenchi ya akina mama na mizani ya watoto. Mwanamme hakuwa na pa kukaa. Seif alisimama ukutani kama fimbo iliyosahauliwa, wanawake wakimtazama na kuziba midomo kwa kanga. Bi Mardhiya alipowaita aliwaingiza wote wawili, akamweleza Seif kila kitu kama anavyomweleza mwanafunzi mzito: sindano inakaa miezi mitatu, damu ya mwezi huenda ikavurugika au ikasita, na si ugonjwa. Akiwa na wasiwasi aje aulize hapa, asiulize dukani.

"Na wewe umeshapimwa lini?" alimalizia.

"Nini?"

"Presha, damu, maradhi. Au wewe ni mlango, huugui?"

Akapimwa.

Jioni ile Mwanamize alishusha mkoba wake chumbani, lakini hakuzitoa nguo zote. "Nimerudi kwa miezi mitatu," alisema. "Sindano ya pili ndiyo itakayosema. Mwanamme huweza kuwa shujaa siku moja. Nataka nikuone ukisusiwa, kama utanilaumu mie."

Na kususiwa akasusiwa. Kauli yake ilitekelezwa neno kwa neno. Akipita, mazungumzo yalikatika. Salamu yake ilianguka chini na hakuna aliyeiokota. Aliyemwagiza kitanda alimtuma mtu aseme ameghairi. Karafuu zilikuwa tayari, na jirani waliokuwa wakikaa pamoja jioni kuchambua, mikono ikienda na soga zikienda, safari hii walipita mbali. Seif na Mwanamize na watoto walichambua peke yao, vidole vikageuka rangi, na bado majamvi yalikuwa hayajaisha. Mara nyingine hasira ilimpanda, akamtazama mkewe, na neno likamfika mpaka kwenye meno. Mwanamize aliliona kila mara. Alisubiri. Seif akalimeza, akachota konzi nyingine ya karafuu.

Aliyekuja kumsaidia ni Muntasir. Bi Mardhiya ndiye aliyemwelekeza: kama unatafuta mwanamme aliyekuja kituoni kwa miguu yake, yuko mmoja tu na amesusiwa. Kijana aliegesha pikipiki, akavua viatu, akakaa kwenye jamvi na kuanza kuchambua vibaya.

"Nataka uje Mkoani uzungumze kwenye mkutano," alisema.

"Mimi simo katika kuzungumza. Kuzungumza ndiko kulikonifikisha hapa."

"Basi nifanye nini? Nimekuja na soda, hawakuja. Nimekuja na fulana..."

"Fulana usizitaje." Seif alitupa konyo la karafuu kando. "Sikiliza. Mwanamme akienda pale kituoni hana pa kukaa. Anasimama katikati ya wanawake kama mwizi aliyekamatwa. Pesa zako za soda nunua mbao. Weka benchi la waume pale ubavuni, penye kivuli."

"Nani atalitengeneza?"

"Umemuona fundi mwingine asiye na kazi?"

Hivyo kazi pekee ya Seif msimu ule ikawa benchi la kituo cha afya. Alilitengeneza refu. Mwanamize aliliangalia, akamuuliza anatarajia nani akae. Seif akasema hajui, lakini mbao zilikuwa ndefu na dhambi kuzikata.

Siku moja baada ya laasiri, Nyange alitokea uani. Hakupita mbele, ambako angeonekana. Alipita nyuma, baina ya migomba, akaingia kwa mlango wanaopita wanawake.

"Natafuta mbuzi wangu," alisema, akitazama sufuria.

"Huna mbuzi, Nyange."

"Basi kuku."

Seif aliendelea kulipiga msasa benchi lake hapo uani. Nyange alichuchumaa, akaokota kibanzi cha mbao, akakivunja vipande vipande. Halafu akasema kwamba Mwatima, mkewe, ana mimba zinazofuatana kama mawimbi, mbili zimetoka, na siku hizi anaanguka akisimama. Kisha akauliza alilojia:

"Yakhe, inasemwa ile sindano inammaliza mwanamme nguvu."

"Anayechomwa ni mke."

"Najua. Lakini inapita."

"Inapita wapi?"

Nyange alitafuta jibu kwenye migomba, hakulipata. Seif aliona uso wa mwenzake, akaacha mzaha. "Nguvu zipo," alisema. "Kilichopungua ni hofu. Zamani nilikuwa nikimgusa mke wangu naogopa, ila sikujua kama ni hofu. Nilidhani ndivyo ilivyo."

Nyange aliondoka alivyokuja. Baada yake akaja Kificho, naye kwa nyuma, naye na kuku aliyepotea. Alikuwa na usaha na maumivu akikojoa na alitaka kujua kama Bi Mardhiya anatangaza siri za watu. Seif alimwambia hatangazi, ila atakukaripia, na mkeo naye atatibiwa, usimeze dawa peke yako. Wakaja na wengine. Mbele ya nyumba Seif alikuwa amesusiwa. Nyuma, ua ulikuwa na njia iliyokanyagwa.

Aliyewakomesha ni Mwanamize. Siku moja alitoka kuoga, kanga moja mwilini, akamkuta mwanamme amechuchumaa penye vyombo vyake.

"Huku kwangu hapana barza," alimwambia mumewe baadaye. "Ua ni wa wanawake. Jirani zangu hawaji tena kusuka nywele kwa sababu ya hao watafuta kuku wenu. Wakitaka kuuliza, wapite mbele kweupe, au waende kituoni na wake zao. Mie sikukubali kuiba, na wao wasije kuiba kwangu."

"Wakipita mbele wataonekana."

"Wewe hukuonekana?"

Seif akawapa ujumbe mmoja mmoja, walipokuja: Jumanne, kituoni, benchi liko, na ni refu.

Miezi mitatu ikatimia. Asubuhi ya Jumanne Seif aliamka kabla ya kuamshwa, akachemsha chai, akamvisha mtoto ambaye sasa alikuwa mzito na mcheshi. Mwanamize alimtazama akihangaika na vifungo, asimsaidie. Walipotoka walipita barabarani. Mbele ya duka waliokuwepo wachache walinyamaza kama kawaida, na Nyange hakuwepo. Duka lilikuwa limefungwa.

Walimkuta njiani, mbele kidogo. Alikuwa na Mwatima, anatembea polepole kwa ajili yake, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Aliposikia nyayo aligeuka, akamuona Seif, akageuza tena uso. Wanaume wawili wakatembea hivyo, mmoja huku na mmoja huku, bila ya salamu, na katikati yao wake zao walikwishaanza kuzungumza juu ya bei ya sabuni.

Benchi lilikuwa tupu. Seif alikaa mwisho mmoja na mtoto mapajani. Nyange alisimama.

"Salamu siwezi kukupa," alisema, macho ukutani. "Mzee Jaribu hajaitisha kikao cha kuliondoa."

"Najua. Nililitunga mimi."

"Lilikuwa baya."

"Lilikuwa baya, lakini lilitungwa vizuri."

Nyange alivuta pumzi puani, karibu acheke. "Sogea nikae."

Seif akasogea. Walikaa wakiangalia mizani ya watoto. Bi Mardhiya akachungulia mlangoni akaita kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini: "Mwanamize Said na mumewe." Mwanamize aliinuka. Hakuelekea mlangoni, alisimama akimtazama Seif aone atafanya nini.

Seif aliinuka. Mtoto alikuwa mikononi mwake, na Bi Mardhiya hataki watoto karibu na sindano zake. Akatazama huku na huku, kisha akamweka mapajani mwa Nyange.

Susio halikusema kitu juu ya kupokea mtoto. Nyange alimpokea.